Kutoka usawa wa bahari hadi Point Lenana: je, siku nne zatosha?

Swali: Mimi ni mzaliwa wa Lamu, naishi Malindi, nina miaka 33 na sina maradhi ninayoyajua. Mwisho wa Januari mimi na wenzangu watatu tunakwenda Mlima Kenya, tupande kwa Sirimon na kushukia Chogoria. Kampuni imetupa ratiba ya siku nne. Tuna wiki kumi na mbili za kujitayarisha, na huku kwetu mlima mrefu kabisa ni fungu la mchanga. Tufanye mazoezi gani, tubebe nini, na hizo siku nne zatosha kweli?

Jibu: Dada, nianze na hilo la mwisho, maana ndilo litakaloamua mengine yote. Siku nne hazitoshi, hasa kwa mtu anayetoka pwani. Mkiwa na pesa za kununua kitu kimoja tu cha ziada, msinunue jaketi wala fimbo. Nunueni siku.

Tazama ratiba yenyewe ilivyo. Siku ya kwanza mnaingia lango la Sirimon, mita 2,650, na kulala kambi ya Old Moses, mita 3,300. Ya pili mnalala kambi ya Shipton's, mita 4,200. Ya tatu mnaamka usiku wa manane kwenda kilele cha Point Lenana, mita 4,985, kisha mnateremka upande wa Chogoria. Ya nne mnatoka. Sasa ongeza basi la usiku kutoka Malindi: mtu aliyekula chakula cha jioni hatua chache kutoka baharini anajikuta kesho yake jioni kwenye mita 3,300, na keshokutwa kwenye mita 4,200. Kanuni ya madaktari wa milimani ni kwamba ukishapita mita 3,000, mahali pa kulala pasipande zaidi ya mita 500 kwa usiku mmoja. Ratiba yenu inapandisha mita 900 kwa mkupuo.

Juu huko hewa ni ileile, ila mgandamizo wake umepungua. Shipton's mgandamizo ni karibu asilimia 60 ya ule wa Malindi, na Lenana ni nusu na ziada kidogo, kwa hivyo kila pumzi inaingiza oksijeni pungufu. Mwili unajua kujirekebisha: unapumua kwa kasi zaidi, figo zinasawazisha kemia ya damu, na hayo huchukua siku, hayaharakishwi. Mazoezi hayasaidii hapo. Kijana mwenye mapafu ya mchezaji mpira huumwa sawasawa na mwenzake mwenye kitambi, na pengine huumwa zaidi, kwa sababu miguu yake inamfikisha juu kabla damu yake haijawa tayari.

Ratiba ninayoipendekeza ni hii. Safirini mchana, mlale Nanyuki, mita 1,950 hivi, mkale vizuri na kunywa maji. Kesho yake ingieni Sirimon, mwende taratibu hadi Old Moses; ni kilomita 9 za barabara ya gari, saa tatu au nne. Laleni hapo siku mbili. Siku ya katikati pandeni hadi karibu mita 3,700, mkae saa moja, mrudi kulala chini. Kisha Shipton's, kilomita 14 hivi, saa sita hadi nane. Laleni Shipton's nako siku mbili mkiweza. Wenye kampuni wakiwapa usiku mmoja tu wa ziada, wengi huuweka Shipton's kwa kuwa ndiko kwenye mandhari. Mimi ningeuweka Old Moses, kwa sababu mruko mbaya ni ule wa kutoka 3,300 hadi 4,200, na anayefika Shipton's tayari anaumwa kichwa usiku wa ziada pale haumfai sana.

Kuhusu dawa: asetazolamaidi, inayouzwa kwa jina la Diamox, husaidia kuzuia. Dozi ya kawaida ni miligramu 125 asubuhi na jioni, kuanzia siku moja kabla ya kuanza kupanda hadi mtakapoanza kuteremka. Ni dawa ya kuandikiwa na daktari. Aliyewahi kuvimba au kutoka malengelenge kwa Septrin au Fansidar amwambie daktari mapema, kwani dawa hizo zina salfa na Diamox iko katika jamii hiyo. Vidole vitafanya ganzi, mkojo utaongezeka, na soda itakosa ladha; hayo si madhara ya kuogopesha. Imezeni siku mbili mkiwa bado nyumbani mwone inavyowakubali.

Kabla ya dawa hiyo, kuna vipimo vitatu ambavyo vitabu vya wageni havivisemi lakini mtu wa pwani anavihitaji. Cha kwanza ni wingi wa damu. Ukiwa na upungufu wa damu, na wengi wanao bila kujijua, wanawake hasa, unapanda na ndoo iliyotoboka. Pimeni sasa, si wiki ya mwisho, kwa sababu vidonge vya madini ya chuma huchukua wiki kadhaa kuleta tofauti.

Cha pili ni selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Kaunti ya Kilifi na mwambao mzima kuna watu wengi waliorithi kinasaba kimoja cha selimundu, nao huishi maisha yao yote bila dalili. Mwenye ugonjwa wenyewe asipande. Mwenye kinasaba kimoja anaweza kupanda, lakini baada ya kuzungumza na daktari, na ajue kwamba maumivu makali chini ya mbavu za kushoto, yaani penye bandama, ni amri ya kuteremka papo hapo.

Cha tatu ni malaria, na hapa ndipo watu wa pwani hukosewa sana. Kichwa kuuma, kichefuchefu, uchovu, baridi mwilini: mwongozaji wa bara atasema ni mlima, na huenda akawa amekosea. Umeumwa na mbu Malindi wiki moja au mbili kabla, vimelea vikajificha kwenye ini, kipimo cha siku ya kuondoka kikasema huna, na homa ikaja kukutokea Shipton's. Bebeni kipimajoto. Ugonjwa wa mwinuko kwa kawaida hauleti homa kali. Ukisoma nyuzi 38 au zaidi, teremka ukapimwe malaria siku hiyohiyo. Na wiki mbili za mwisho msiache chandarua hata usiku mmoja kwa sababu ya joto la kaskazi.

Sasa mazoezi. Mchanga wenu ni mali, lakini unafundisha nusu tu ya kazi. Kupanda fungu la mchanga la Shela au la Mambrui kunajenga pumzi, misuli ya nyuma ya miguu na subira. Kushuka kwake hakufundishi kitu, maana mchanga unakupokea. Chogoria hakukupokei. Kutoka Lenana hadi lango la Chogoria ni karibu mita 2,000 za kuteremka juu ya mawe, na magoti ya watu wa pwani huharibikia huko, si kwenye kupanda. Kwa hivyo tafuteni ngazi za saruji. Jengo la ghorofa tatu hukupandisha kama mita 9. Kutoka Shipton's hadi Lenana ni mita 785, sawa na kupanda ngazi hizo mara 87. Msijaribu zote, mkifikia mara 40 kwa mkupuo mmoja, na kilo 7 mgongoni, ifikapo wiki ya kumi, mko tayari.

Anzeni na mara 10 bila mzigo, mara mbili kwa wiki, na muongeze kidogokidogo. Mzigo bora ni maji kwenye madumu ya lita 5, kwa sababu kila lita ni kilo moja na goti likilalamika mnamwaga. Kisha hili dogo lenye faida kubwa: simama kwenye kidato kimoja, mguu mmoja ukining'inia, ukunje goti la mguu uliosimamia ukishuka kwa hesabu ya tatu mpaka kisigino cha pili kiguse chini, upande tena. Mara 12, mizunguko mitatu, kila mguu. Ukishuka upesi umejidanganya.

Siku moja kwa wiki iwe ya mwendo mrefu: anzeni na saa mbili, mfike saa sita wiki ya tisa. Ufukweni tembeeni maji yakipwa, kwenye mchanga mgumu ulio sawa. Maji yakijaa mtalazimika kutembea kwenye mteremko, mguu mmoja juu mmoja chini, na nyonga itawauma kwa jambo lisilohusu mlima. Nyari kule Marafa ni pazuri kwa kushuka na kupanda mara nyingi, ila muwe mmemaliza kabla ya saa tatu asubuhi, maana bonde lile likishika jua ni tanuri. Wiki ya nane, nendeni Taita mwishoni mwa juma. Kilele cha Vuria ni mita 2,208, na mnafika kwa kupitia Voi na Wundanyi. Mwinuko huo hautawazoesha hewa nyepesi, lakini ukungu na mvua yake vitawaonyesha koti lipi linavuja na kiatu kipi kinauma, mkiwa bado na wiki nne za kurekebisha. Wiki ya mwisho pumzikeni.

Viatu. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu pwani ina adui wake. Buti nyingi za mlima zina soli ya kati ya povu la poliyurithani, na povu hilo huliwa na unyevu wa hewa hata likikaa tu kabatini. Buti la mtumba lililokaa miaka katika hewa ya bahari huonekana jipya kwa nje, ngozi inang'aa, na siku ya pili mlimani soli inabanduka nzima au inamomonyoka vipandevipande. Kabla ya kununua, bonyeza kwa ukucha ubavu wa soli, pale kati ya ngozi na raba ya chini. Ukucha ukiacha alama isiyorudi, au ukitoka na unga, rudisha. Likunje buti kwa nguvu utazame kama kuna mipasuko midogo. Likivuka mtihani huo, livae wiki sita nzima kwenye ngazi na barabarani, si kwa kuzoea tu bali kwa kulilazimisha lifie nyumbani kama ni la kufa. Hata hivyo beba gundi na mita mbili za waya mwembamba.

Miguu iliyokulia kwenye ndara ni mipana mbele. Jaribu buti jioni, miguu ikiwa imevimba kidogo, ukiwa umevaa soksi nzito. Simama kwenye mteremko ukielekea chini na upige teke chini. Kidole gumba kikigusa, ongeza saizi. Kucha zikatwe kwa mstari ulionyooka, siku tatu kabla. Ukihisi moto mahali popote mguuni, simama dakika hiyohiyo ubandike plasta ya kitambaa. Lengelenge likishatokea umechelewa.

Baridi nayo ina hesabu yake. Kila mita 1,000 joto hupungua kama nyuzi 6.5. Toa hiyo kwenye usiku wa Malindi wa nyuzi 26, unapata nyuzi 6 chini ya sifuri Lenana, na upepo bado haujahesabiwa. Mwilini vaeni nguo ya sufi au ya nailoni, kamwe si pamba. Pamba ikilowa jasho haikauki na inavuta joto nje. Kikoi kifungeni shingoni au mkipe kazi ya taulo. Juu yake sweta la fliisi, jaketi nene la kuvaa mkisimama, na koti la mvua pamoja na suruali yake. Mzula, glovu jozi mbili, soksi nzito jozi nne, moja yake isivaliwe ila kitandani. Anayevaa hijabu avae ya kitambaa chepesi cha nailoni chini ya mzula, na badala ya buibui kanzu fupi ya magotini juu ya suruali. Nguo ndefu hukanyagwa kwenye mawe. Mfuko wa kulalia uwe wa nyuzi 10 chini ya sifuri, wa pamba bandia na si wa manyoya, kwa kuwa manyoya yaliyokaa Malindi hushika unyevu na kuvunda. Nguo za baridi mtazipata kwa wingi zaidi kwenye masoko ya mitumba ya Gikomba au Toi huko Nairobi, mkijipa nusu siku.

Jua msilidharau kwa kuwa mmelizoea. Miale huzidi ukali kadiri unavyopanda, na midomo ndiyo hupasuka kwanza. Miwani myeusi ni lazima.

Chakula wapishi wataandaa, kwa hivyo nitapita haraka. Maji ya Shipton's huchemka kwenye nyuzi 86 hivi, ndiyo maana maharagwe hayaivi na wali hubaki na kiini. Ombeni tambi, viazi, uji, supu. Mfukoni mbebe vya kwenu: tende, kashata, korosho za Kilifi, tangawizi mbichi. Hamu ya kula hupotea juu, na kitu unachokipenda tangu utotoni ndicho kitakachopita kooni. Mahamri ni ya siku ya kwanza tu. Kunyweni lita 3 hadi 4 kwa siku. Mkitumia vidonge vya klorini kwenye maji baridi ya mto, ngojeni saa nzima. Usiku wa kilele, chupa iwekeni kichwa chini, kwa sababu barafu huanzia juu na mdomo utabaki wazi. Mpira wa kunyonyea maji kutoka begini utaganda, uacheni.

Wanaoswali wamuulize shehe wao mapema kuhusu kupangusa juu ya khufu, yaani soksi za ngozi, ruhusa ambayo kwa msafiri ni siku tatu na usiku wake, na kama buti lao linakubalika. Kulowesha miguu saa kumi usiku kwenye mita 4,600 na kuirudisha kwenye soksi ni njia ya uhakika ya kupoteza hisia za vidole.

Siku ya kilele mtaondoka saa nane na nusu usiku, mfike jua linapochomoza, saa kumi na mbili na nusu. Mwendo sahihi ni ule unaokuwezesha kusema sentensi nzima bila kukatika. Kichwa kikiuma, kunywa maji, meza parasetamoli, pumzika. Kikipoa, endelea. Kisipopoa, usipande hata mita moja. Kikizidi, au mtu akitapika mfululizo, teremkeni. Dalili mbili hazingoji mapambazuko: mtu anayepepesuka asiweze kutembea kwenye mstari ulionyooka, kisigino kikigusa vidole vya mguu wa nyuma, na mtu anayehema akiwa amekaa tu, hasa akikohoa povu. Wa kwanza ubongo umevimba, wa pili mapafu yanajaa maji. Wote wawili wateremshwe usiku uleule, mita 900 kutoka Shipton's hadi Old Moses, na wasiachwe peke yao.

Hilo la mwisho ndilo la kuiuliza kampuni kabla hamjalipa. Mko wanne. Mmoja akiteremshwa kwa Sirimon, ni nani anaongoza watatu kuelekea Chogoria? Mwongozaji mmoja hatoshi. Dai wawili wenye vitambulisho vya KWS, shirika la wanyamapori la Kenya. Uliza kuna gari lipi upande wa Sirimon siku ya tatu na ya nne, na nani analilipa. Uliza kama wana kipimo cha oksijeni cha kidoleni. Uliza kama malipo ya lango wanayafanya wao kwa eCitizen, mtandao wa malipo wa serikali, au ni nyinyi, kwa sababu langoni hapapokelewi pesa taslimu. Kisha omba bei ya usiku mmoja wa ziada Old Moses, kwa maandishi. Januari na Februari, kaskazi ikivuma, ndio msimu mkavu wa mlima na vitanda vya Old Moses huisha, kwa hivyo barua hiyo waandikie wiki hii.